Wito, ziara, kikao au mahakama: kulinganisha njia nne za afisa ustawi kuifikia familia ya mtoto aliye hatarini

Mwalimu wa darasa la tatu amegundua kwamba mwanafunzi wake wa miaka tisa hafiki shuleni siku tatu kati ya tano, na siku anazofika husinzia darasani. Jioni huonekana stendi akiuza karanga, na miguuni ana alama za fimbo ambazo si za siku moja. Anaishi na baba yake na mama wa kambo katika vyumba viwili vya kupanga. Mama yake mzazi yuko wilaya nyingine, na bibi mzaa mama yu hai. Mfano huu nimeutunga, lakini afisa ustawi wa jamii wa Tanzania atauona kuwa unafanana na jalada fulani lililo mezani pake. Mwalimu akimweleza mtendaji wa kata, au akipiga simu ya huduma kwa mtoto namba 116, shauri litamfikia afisa, naye atalazimika kuamua familia hii aiendee kwa njia gani.

Njia zilizo mikononi mwake ni nne. Anaweza kumwita baba ofisini, kwenda nyumbani, kuwakutanisha ndugu wa pande zote mbili katika kikao cha familia, au kulipeleka shauri katika Mahakama ya Watoto na kuomba amri. Zote ni halali, na yako mashauri ambayo yatazihitaji zote kwa zamu. Hata hivyo, ile inayotangulia ndiyo inayoamua familia itamwona afisa kuwa mtu wa namna gani, na mtazamo huo haubadiliki kwa urahisi baadaye. Kwa hiyo nazilinganisha hapa kwa ajili ya maafisa wapya, wanafunzi wanaokwenda mafunzo kwa vitendo, na wajumbe wa Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto za kata, mitaa na vijiji, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kubisha hodi.

Mashauri yasiyo na uchaguzi

Kabla ya kulinganisha chochote, yako mashauri ambayo hayaachi nafasi ya kuchagua. Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, mtoto aliyejeruhiwa vibaya, na mtoto ambaye aliyemdhuru atalala naye nyumba moja usiku wa leo, hawapelekwi kwenye kikao chochote kabla ya kufikishwa hospitali na polisi. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi litoe fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, au mtoto apelekwe Kituo cha Mkono kwa Mkono panapokuwa na kituo hicho, kwa kuwa huko polisi, daktari na ustawi hukutana mahali pamoja na mtoto halazimiki kurudia maelezo yake mara nyingi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na muda huo hausubiri wazee wapatane. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilileta kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na kifungo cha maisha pale aliyebakwa ni mtoto wa chini ya miaka 10. Kosa la uzito huo haliwezi kuwa mali ya ukoo, hata ukoo ukisema umeshayamaliza nyumbani na fidia imeshatolewa.

Lakini katika mashauri haya pia familia inahitaji kusaidiwa, na hapo wengi wetu huteleza, kwa kudhani kwamba polisi wakishachukua hatua kazi ya ustawi imekwisha. Mama aliyemfikisha mtoto polisi anarudi kwa wakwe wanaomlaumu kwamba amemfunga mwana wao. Pengine aliyekamatwa ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya chumba. Mama huyo asipopata mtu wa kukaa upande wake katika wiki zile za kwanza, na asiposaidiwa chakula, nauli ya kwenda mahakamani na mahali pa kulala, atayabadilisha maelezo yake, wala haitakuwa haki kumlaumu.

Wito wa ofisini

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Inampa afisa ustawi uwezo wa kumwita anayelalamikiwa, kulizungumza jambo hilo naye, na kutoa uamuzi unaozingatia maslahi bora ya mtoto; akikataa kuutii uamuzi huo, shauri hupelekwa mahakamani. Kwa kuwa sheria yenyewe imeutaja wito, na kwa kuwa wito hauhitaji pikipiki wala mafuta, ni rahisi kueleweka kwa nini maafisa wengi huanzia hapo.

Wito una mashauri yake. Wazazi waliotengana na wanaogombania fedha za matunzo huelewana vizuri zaidi mezani kuliko uani, kwa sababu kiasi kinatajwa, tarehe inatajwa, wote wawili wanatia saini, na asiyetimiza anajua hatua inayofuata. Kwa mgogoro wa aina hiyo singepoteza siku kwa ziara.

Kwa mtoto wetu wa stendi, hata hivyo, wito ndiyo njia dhaifu kuliko zote nne. Baba atakuja amevaa vizuri, maneno yake ameyapanga njiani, ataahidi, atatia saini na kuondoka, huku afisa akiwa hajaona mtoto analala wapi, wala hajasikia sauti ya mama wa kambo, wala hajajua kwamba kuna bibi. Kibaya zaidi ni kile kinachomngoja mtoto jioni, kwani baba aliyeaibishwa mbele ya serikali anarudi nyumbani na swali moja tu, nani aliyesema. Ikiwa wito hauna budi kutolewa, basi afisa awe amezungumza kwanza na mtoto akiwa shuleni, awe na njia ya kumwona tena kesho yake, na barua ya wito isipelekwe kwa mkono wa mtoto mwenyewe.

Ziara ya nyumbani

Ziara humpa afisa kile ambacho hakuna karatasi inayoweza kumpa. Ataona kama mtoto ana godoro au analala sakafuni, kama kuna sufuria jikoni, kama watoto wengine wa nyumba hiyo wana sare za shule, na kama mtoto huyu akimwona baba yake anaingia anamkimbilia au ananyamaza. Asitegemee ziara moja. Nyumba inayotembelewa saa nne asubuhi si ile ya saa moja usiku, na katika shauri la utelekezaji ni hiyo ya usiku inayosema kweli.

Namna ya kuingia ina uzito mkubwa. Gari lenye nembo likisimama mlangoni, mtaa mzima unajua, na familia itaanza kujilinda dhidi ya majirani kabla haijamsikiliza afisa. Ni afadhali ashuke mbali, abishe hodi, aamkie kwa umri, akae pale anapoonyeshwa, na daftari libaki mkobani hadi mazungumzo yapate mwendo. Katika nyumba za kupanga zenye ua mmoja na vyumba sita, kila kinachosemwa ukumbini kinasikika kwa wapangaji wengine, hivyo mambo mazito yasubiri mahali penye faragha, iwe ofisi ya shule au zahanati. Adabu hizi zinaweza kuonekana ndogo kwa anayezisoma, lakini nazihesabu kuwa sehemu ya utaalamu wenyewe.

Jambo gumu katika ziara ni kuizungumzia fimbo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na ripoti yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Maana yake kwa afisa ni kwamba baba aliye mbele yake kwa uwezekano mkubwa alilelewa hivyo hivyo, na anapoambiwa kwamba ni mkatili hasikii kosa lake bali anasikia wazazi wake wakitukanwa. Hapo njia iliyokuzwa Australia Magharibi katika miaka ya 1990 na Andrew Turnell na Steve Edwards, pamoja na wafanyakazi wa ulinzi wa watoto wa huko, inafaa sana kuazimwa, kwa kuwa inajengwa juu ya maswali matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyaelewa kwa Kiswahili cha kawaida: nini kinatutia wasiwasi kuhusu mtoto huyu, nini kinakwenda vizuri, na nini kinapaswa kutokea? Kisha kila mmoja anaombwa kutaja namba, kutoka sifuri hadi kumi, ya jinsi anavyomwona mtoto kuwa salama. Baba akisema nane na bibi akisema tatu, afisa hana haja ya kumshutumu mtu, kwa sababu mazungumzo yanaanzia kwenye pengo lililo kati ya nane na tatu.

Ziara ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza ni ghali, maana kata nyingi hazina afisa wake, na aliyepo anahudumia eneo kubwa kwa nauli ya mfukoni mwake. Wahudumu wa kujitolea wa ngazi ya jamii wanaweza kubeba sehemu ya ufuatiliaji huu, lakini wasiachiwe kupima hatari peke yao. Pili, ziara isiyoleta chochote huchosha. Familia inayokosa unga haiwezi kutembelewa mara tano ikipewa ushauri tu, na afisa anayejua kazi atafika akiwa ameshauliza kama kaya imo katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini, kama mama wa kambo anaweza kuingia katika kikundi kinachoomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, na kama shule inaweza kumpokea mtoto hata bila sare mpya. Karanga za stendi zina sababu. Mpaka kipato zinachokileta kipatiwe mbadala, mtoto atarudi stendi hata baba akiwa ametia saini karatasi kumi.

Kikao cha familia

Hapa ndipo wasomaji wengi watasema kwamba njia hii tunayo tangu zamani, na ni kweli kwa nusu. Nchi iliyokiingiza kikao cha familia katika sheria ya ulinzi wa mtoto ni New Zealand, kwa sheria ya mwaka 1989, baada ya Wamaori kulalamika kwa miaka mingi kwamba serikali ilikuwa ikiwachukua watoto wao bila kuuliza koo zao. Chini ya sheria hiyo mratibu hukusanya ndugu wa upande wa baba na wa mama, wataalamu hueleza wasiwasi wao waziwazi, halafu hutoka nje na kuiacha familia peke yake ijadili na kuandika mpango. Wanaporudi, mpango huo hukubaliwa isipokuwa kama hautamlinda mtoto.

Kinachokitofautisha na kikao cha ukoo tunachokijua ni mambo ambayo hayaonekani kwa haraka. Katika kikao cha ukoo wanakaa kwa umri na kwa upande, wanawake walioolewa huketi mlangoni, mtoto hayupo au yupo bila kuulizwa, na lengo mara nyingi ni kurudisha amani kati ya wakubwa. Katika kikao cha ulinzi wa mtoto, ajenda ni usalama wa mtoto mmoja mwenye jina, sauti yake lazima iingie hata kama ni kwa kupitia mtu aliyemchagua mwenyewe, na ndugu hawaji kuhukumu ugomvi wa ndoa. Afisa asipoyalinda mambo haya, ataitisha kikao cha ulinzi akapata baraza la usuluhishi.

Kazi kubwa, kwa hiyo, iko kabla ya siku yenyewe, katika kutafuta nani mwenye sauti juu ya mtoto huyu. Jibu hutofautiana mahali na mahali. Kwa Waluguru, Wamakonde na Wamwera, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa upande wa mama, mjomba ana nafasi ambayo afisa aliyekulia Kilimanjaro au Usukumani anaweza kuipita bila kujua, akawakusanya baba wakubwa na kushangaa mpango unakufa wiki ya pili. Mijini, mwenye sauti anaweza kuwa shangazi anayetuma fedha, au jirani aliyemlea mtoto kuliko ndugu yeyote. Kila anayealikwa atembelewe au apigiwe simu mapema, aulizwe anaogopa nini, na aambiwe wazi kwamba mambo mawili hayajadiliwi: mtoto hatapigwa, na shule haikosi.

Kikao kikitayarishwa hivyo, naamini hakuna njia inayokishinda kwa mashauri ya utelekezaji, ya yatima wanaogawanywa, ya wazazi walevi, na ya mtoto kama huyu wetu. Serikali haiwezi kuwa mjomba. Afisa anaondoka saa kumi, lakini bibi anabaki, na ndugu aliyesema mbele ya wengine kwamba atampokea mtoto kila Ijumaa atapata shida kulirudisha neno lake. Pia ni kikao kinachofichua malezi mbadala yaliyo karibu. Mara nyingi mlezi anayefaa yumo katika duara lile lile, na hakuna haja ya kumtafutia mtoto familia ya kuaminika, yaani familia iliyoidhinishwa kumlea kwa muda, asiyoijua, wala nafasi katika makao ya watoto. Kenya, ambayo Sheria yake ya Watoto ya 2022 inayatambua malezi ya ndugu na pia kafala, yaani malezi ya mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, imeelekea huko huko kwa mkakati wake wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia.

Lakini kikao kina hatari ambayo haina budi kusemwa bila kupunguzwa. Mahali palipo na mtu anayeogopwa, kikao humpa mtu huyo ukumbi. Mama anayepigwa na mumewe hatasema kweli mbele ya mumewe na wakwe, naye mtoto akimwona mama amenyamaza atanyamaza pia. Katika ziara afisa anatakiwa awe ameshalitambua hilo, na akilitambua aachane na kikao, au akutane na kila upande peke yake. Ndiyo sababu sipendekezi kikao kama hatua ya kwanza katika shauri lolote.

Amri ya mahakama

Mahakama ya Watoto inaweza kutoa amri ya usimamizi, ambayo humwacha mtoto nyumbani chini ya ufuatiliaji wa afisa, au amri ya matunzo, ambayo humtoa katika nyumba hiyo. Wengi huzichanganya hizi mbili, na matokeo yake familia ikisikia neno mahakama inadhani mtoto ameshaondoka. Afisa aieleze tofauti hiyo mapema kwa maneno mepesi, kwa kuwa amri ya usimamizi inaweza kuwa msaada kwa familia yenyewe. Mama aliyekuwa akishindwa kumzuia shemeji kuingia nyumbani sasa ana karatasi ya mahakama ya kumwonyesha.

Ukilinganisha na njia tatu zilizotangulia, mahakama ndiyo pekee yenye nguvu ya kumlazimisha asiyetaka, na ndiyo inayoibana serikali yenyewe, kwani afisa hulazimika kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii na kueleza kwa nini hatua ndogo zaidi haikutosha. Hilo ni jema. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala ya mwaka 2009 inasema kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, na taarifa iliyoandikwa kwa uaminifu ndiyo inayoonyesha kama mtoto anaondolewa kwa sababu ya ukatili au kwa sababu ya njaa.

Gharama yake ni muda na uhusiano. Mashauri huahirishwa, nauli hupotea, na mzazi aliyepelekwa mahakamani bila kutembelewa hata mara moja humwona afisa kuwa mshitaki, basi siku mtoto anaporudishwa nyumbani, ambayo ndiyo siku inayohitaji msaada mwingi zaidi, mlango unakuwa umefungwa. Mtoto akiondolewa, afisa aendelee kuwatembelea wazazi kama alivyofanya awali, maana ni wao watakaompokea.

Kwa mtoto wa stendi

Mimi ningeanza shuleni, nikazungumza na mtoto mbele ya mwalimu anayemwamini, na siku hiyo hiyo ningefanya ziara ya kwanza jioni, bila wito. Alama za fimbo zikiwa mbichi au za kutisha, ningepita hospitali na polisi kwanza, na ulinganisho wote huu ungesubiri. Zikiwa si hivyo, ningefanya ziara mbili au tatu katika wiki mbili, moja kati yake kwa bibi, huku nikilifuatilia suala la kipato kwa mtendaji wa kata. Kisha ningeitisha kikao, chenye mjomba na shangazi, na mama mzazi kwa simu kama nauli haipo. Wito wa ofisini ningeuweka akiba kwa siku ambayo baba atakwepa ahadi aliyoitoa kikaoni, na mahakama kwa siku ambayo atakwepa wito. Yote mawili ningemwambia tangu mwanzo, ili yasije yakaonekana kuwa kisasi.

Mpango ukishaandikwa, nakala ibaki nyumbani kwa Kiswahili chepesi, ikitaja nani atafanya nini na siku gani. Mtoto naye aambiwe tarehe ya ziara ijayo, aihesabu mwenyewe, na afisa aitimize hata kama mvua inanyesha.